Mbolea ya Mbarali inawezaje kuua samaki wa baharini?

Mama mkulima, Igurusi
Ndugu zangu, habari za kazi. Ninalima mpunga na mahindi huku Mbarali, na kila msimu ninatumia mbolea ya DAP wakati wa kupanda na UREA wakati wa kukuzia. Binti yangu anayesoma sekondari ameniambia kuwa mbolea inayosombwa na mvua huua samaki baharini kwa kuwakosesha hewa. Sijaelewa, kwa sababu mbolea ni chakula cha mimea wala si sumu, tena bahari iko mbali mno nasi. Naomba mwenye ujuzi anieleweshe.

Bwana shamba, Iringa
Shikamoo mama. Binti yako yuko sahihi, na wewe pia hujakosea, maana mbolea ile haigeuki sumu bali huendelea kulisha mimea, ila sasa inalisha mwani. Mfuko wa kilo 50 wa UREA una kilo 23 za naitrojeni, ambayo ndiyo chakula cha mimea, na sehemu ambayo mazao hayakuiwahi hufuata maji. Ikifika pwani, mwani mdogo sana huongezeka hadi maji yakageuka kijani, kisha hufa na kuzama, na bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni ya kule chini. Kwa kuwa maji ya mto ni mepesi kuliko maji ya chumvi, hutanda juu yake kama kifuniko, hasa siku za joto zisizo na upepo, hivyo hewa ya juu haishuki kufidia iliyotumika. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, samaki wengi hukimbia, lakini chaza na minyoo wa matopeni hawana pa kwenda.

Kuhusu umbali, tazama Ghuba ya Meksiko, ambako mwaka 2017 eneo la namna hiyo lilizidi kilomita za mraba 22,000. Chanzo chake kikubwa ni mbolea iletwayo na mto Mississippi, na mengi ya mashamba hayo ya mahindi yako zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini.

Mkazi wa Kyela
Naomba kuongeza kidogo. Maji ya Mbarali huingia mto Ruaha Mkuu, yakapita ardhi oevu ya Ihefu, ambako matete hunyonya sehemu ya mbolea, kisha mabwawa ya Mtera na Kidatu, ndipo yafike mto Rufiji na mikoko yake ya pwani. Sisi wa huku hatuna safari ndefu hivyo, kwani mto Kiwira humwaga moja kwa moja katika Ziwa Nyasa. Ziwa hilo lina kina cha takriban mita 700, na tangu asili maji yaliyo chini ya mita 250 hivi hayana oksijeni. Samaki wetu wote wanategemea tabaka la juu, ndiyo maana suala hili linanigusa sana.

Bwana shamba, Iringa
Mama, usiache mbolea, kwani mahindi yasiyolishwa hayalishi watoto. Ifukie badala ya kuimwaga juu, igawe kwa awamu, na usiiweke mvua kubwa ikiwa imetanda. Mita 60 kutoka mtoni ziachwe na uoto wake, kama sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka. Kwenye mpunga, ziba matundu ya kutolea maji ya majaruba (vipande vya shamba vyenye kingo) kabla ya kuweka UREA, uyazuie maji siku kadhaa.

Mama mkulima, Igurusi
Marahaba mwanangu, na asanteni nyote. Jaruba langu la mwisho hutoa maji kwenda mfereji mkuu usiku na mchana, hata siku ya kukuzia. Jumamosi tutaanza kwa kuliziba.