Mwaliko wa harusi ukitaka pesa tu, je, mwenye kipato kidogo apeleke nini?

Mama Pacha, Free Area, Nakuru

Habari zenu nyote. Jumamosi ya wiki ijayo binti ya dada yangu anaolewa huko Webuye, na tangu mwezi uliopita nimo katika kundi la WhatsApp la maandalizi. Kila anayechanga, jina lake huandikwa pamoja na kiasi alichotoa, kisha orodha nzima hutumwa upya ili sote tuione. Kiwango cha chini kimewekwa kuwa shilingi 2,000, na jana kamati ilitangaza kwamba zawadi za vyombo hazitapokelewa ukumbini. Kila mtu atume pesa kwa simu ya mweka hazina.

Mimi huuza mboga nje ya soko la Wakulima. Nikishaondoa kodi ya nyumba, makaa na karo ya pacha wangu, hubaki na kidogo sana. Kwa hiyo nilianza mapema: kila mwezi nilinunua sufuria moja kwa muuzaji wa jumla, na sasa ninazo sita zenye vifuniko, zinazoingiana kuanzia ndogo hadi kubwa. Nimemnunulia pia jozi ya leso. Je, ni haki kamati ikatae zawadi iliyoandaliwa kwa miezi sita, na badala yake imdai mtu pesa asizokuwa nazo? Naomba maoni yenu.

Mshika Hazina, Kakamega

Mama, nakuelewa, lakini sikiliza upande wa pili. Nimeshika hazina za harusi tatu, mbili hapa Kakamega na moja Kisumu. Mwenye hema hapokei sufuria, wala mpishi, wala dereva wa basi la wageni. Katika harusi ya pili tulihesabu chupa za chai saba na seti kumi na moja za glasi, ilhali maharusi walianza maisha yao wakiwa na deni la chakula kilicholiwa na watu mia tatu. Bwana arusi alilipa deni hilo kwa miezi minane.

Isitoshe, tuseme ukweli: nyingi za zawadi hizo hazikununuliwa na waliozileta. Ni vitu vilivyokuwa vimekaa makabatini mwao, vikafungwa kwa karatasi mpya na kuhamishwa na vumbi lake. Hiyo si zawadi, ni kufagia nyumba.

Jirani wa Kondele, Kisumu

Ndugu mshika hazina, neno hilo la kufagia nyumba limenichoma, kwa sababu mimi ni mmoja wa hao unaowasema, na sioni aibu. Nilipojifungua kitinda mimba wangu, watu wawili waliniletea chupa za chai zinazofanana, rangi moja na ukubwa mmoja. Familia ya watu wanne hainywi chai katika chupa mbili. Ile ya pili niliihifadhi ndani ya boksi lake, na binti wa jirani yangu alipoolewa, nikampa. Mpaka leo anaitumia kuwekea uji wa mtoto wake usiku.

Nguo za mtoto hupita kutoka kwa dada hadi kwa dada, na vitabu vya shule hupita kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo, wala hakuna anayesema tunafagia nyumba. Kwa nini chupa ya chai iwe dhambi? Mtu wa kubana matumizi hatupi kitu kizima, na hakiachi kioze kabatini wakati mwenzake anakihitaji.

Mwalimu Mstaafu, Mbale, Vihiga

Dada wa Kondele, nakuheshimu, lakini hapo sikubaliani nawe hata kidogo, na nitakueleza sababu. Mke wangu ni mfumaji. Mwenzangu kazini alipooa, mke wangu alikaa miezi minne akimfumia vitambaa vya kufunikia viti, seti nzima, pamoja na cha meza. Alifuma usiku baada ya kuosha vyombo, na nakumbuka jinsi alivyorudia kitambaa kimoja mara tatu kwa sababu ua la katikati lilikuwa limepinda. Miaka miwili baadaye tulikaribishwa chakula na familia nyingine kule Luanda. Mke wangu aliitambua kazi ya mkono wake kabla hajaketi. Hakusema kitu. Alikula kidogo, na tulipofika nyumbani aliiweka sindano yake ndani ya sanduku, akakaa mwaka mzima bila kuishika.

Zawadi hubeba aliyeitoa. Ukiipitisha kwa mwingine bila kumwambia, umemtoa nje ya nyumba yako huku yeye akidhani bado yumo.

Jirani wa Kondele, Kisumu

Pole kwa mama, mwalimu. Hayo yangeniuma hata mimi. Lakini je, mlimuuliza mwenzako vile vitambaa vilitokaje kwake? Huenda alihama, huenda aliuza viti, huenda mgonjwa alilazwa na vitu vikauzwa. Wewe una pensheni, mwalimu, na mwenye pensheni huona zawadi kama kumbukumbu. Sisi tunaoishi kwa mapato ya siku huona zawadi kama akiba, na siku ya shida akiba hutumika.

Mwalimu Mstaafu, Mbale, Vihiga

Tafadhali usinihesabie pensheni. Niliisubiri kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka, na katika kipindi hicho tulikula mrenda na ugali kutoka shambani mwetu, tukaendelea kuhudhuria harusi za watu. Tulipeleka kuku. Hapa kwetu Umaragoli na kwa Waluhya wote, hakuna nyumba iliyowahi kumkataa mgeni aliyefika na kuku kwapani. Kwa hiyo sizungumzi kutoka kwenye wingi. Ninasema tu kwamba kitu kilichofanywa kwa mkono kwa ajili ya mtu fulani hakifanani na chupa ya dukani, na ningependa ukubali tofauti hiyo.

Jirani wa Kondele, Kisumu

Tofauti hiyo naikubali, mwalimu. Cha mkono hakipitishwi. Cha dukani ambacho hakijafunguliwa, nitaendelea kukipitisha.

Kijana wa Section 58, Nakuru

Mnagombania chupa za chai wakati jambo linalotuumiza ni ile orodha yenye majina na viwango. Mama Pacha ameitaja katika sentensi zake za kwanza, na hakuna aliyeigusa.

Mwaka jana mfanyakazi mwenzangu alifunga ndoa. Nilikuwa na shilingi 700 za kunifikisha mwisho wa mwezi. Nilipoona majina ya wote wa idara yetu yakiwa na 2,000 na 3,000 mbele yake, nilikopa kwa simu ili nisionekane mwenye mkono mzito. Hesabu ni nyepesi: M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa mwezi mmoja, yaani shilingi 150 juu ya 2,000. Mkopeshaji niliyemwendea mimi alitoza zaidi ya hapo, na nilipochelewa aliongeza tena. Nililipa karibu 2,900 kwa harusi ambayo sikuwa hata na nauli ya kuihudhuria. Maharusi walipata 2,000. Hizo nyingine 900 hazikumfaidi yeyote ninayemjua.

Miaka ya zamani harambee ilikuwa mtu kutia mkono mfukoni kwa kadiri yake, na kikapu kupita bila kuangaliwa sana. Siku hizi jina likikosekana kwenye orodha, watu hukupigia simu.

Mshika Hazina, Kakamega

Orodha haikubuniwa kuwaaibisha watu, kijana. Ilibuniwa kwa sababu washika hazina tulikuwa tukishukiwa wizi. Kabla ya M-Pesa, ambayo ilianza mwaka 2007, pesa zililetwa kwa bahasha, na hesabu zilipokosa kutimia, lawama ilimwangukia aliyeshika daftari. Niliwahi kutukanwa mbele ya wakwe kwa shilingi 1,500 ambazo mtu alidai ametoa na hakuwa ametoa. Nikiituma orodha mbele ya wote, hakuna wa kuniuliza.

Kijana wa Section 58, Nakuru

Basi andikeni majina bila viwango, na kila mtu apate ujumbe wake wa kuthibitisha kiasi alichotuma. Simu tayari huutoa ujumbe huo. Anayetaka kukushtaki auonyeshe.

Fundi Cherehani, Kaptembwo, Nakuru

Mimi nataka kurudi kwenye leso, kwa sababu Mama Pacha ametaja jozi ya leso na hakuna aliyemuuliza imeandikwa nini. Watu wa bara hununua leso kwa rangi, ilhali wenzetu wa pwani hununua kwa jina. Leso ina pindo lake kuzunguka, ina mji wake katikati, na chini ya mji kuna jina, yaani yale maneno. Anayeijua leso husoma maneno kabla ya kuuliza bei.

Nina mteja aliyemnunulia mama mkwe leso nzuri sana, nyekundu na nyeusi, akampelekea Krismasi akiwa na furaha yote. Imeandikwa: «Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake.» Mama mkwe alikuwa ameishi Mombasa miaka mingi. Aliisoma, akaikunja, akairudisha mezani. Walikaa miezi mitano bila kusemezana vizuri, na binti wa watu hakujua kosa lake mpaka alipokuja kwangu na leso ile ile, nikamsomea.

Nasema haya kwa sababu zawadi ya bei nafuu huhitaji macho zaidi kuliko ya bei ghali. Mwenye pesa akikosea, hununua nyingine. Mimi na wewe tukikosea, tumekosea kwa mwaka mzima.

Mkulima wa Molo

Nimefuatilia kimya, lakini fundi amenitoa kimyani. Huku kwetu, mama akijifungua, wanawake humwendea na kuni, unga wa uji, ndizi na viazi, na kikapu walichojia hakirudishwi kitupu. Hakuna anayeuliza kilichomo ni cha shilingi ngapi, kwa kuwa kila mmoja anajua shamba la mwenzake limetoa nini msimu huo.

Nimehudhuria harusi mbili mwaka huu na sikutuma shilingi hata moja. Kila mara nilimpigia mpishi simu wiki mbili kabla, nikamuuliza atahitaji nini kwa wingi. Mara ya kwanza nilipeleka gunia la viazi la kilo 50 na kabeji ishirini. Mara ya pili, viazi peke yake. Bei ya viazi shambani wakati wa mavuno siyo ile anayoipata mpishi sokoni, kwa hiyo kitu kilichonigharimu kidogo kiliiondolea kamati gharama kubwa. Anayeishi karibu na Ahero anaweza kufanya hivyo kwa mchele, na wa Bungoma kwa maharagwe. Jambo ni kuuliza mapema, kwa sababu viazi vinavyofika asubuhi ya harusi haviwi msaada tena, vinakuwa mzigo wa kumenywa.

Mshika Hazina, Kakamega

Mzee wa Molo, hilo ningelipokea kwa mikono miwili, na ningeliandika kwenye orodha kwa thamani ya soko.

Mama Pacha, Free Area, Nakuru

Nimewasoma wote, na ninawashukuru, ingawa naona swali langu liliachwa njiani tangu chupa ya chai ilipotajwa. Ndugu mshika hazina, umesema viazi utavipokea kwa mikono miwili, lakini sufuria huzitaki. Viazi vitaliwa na wageni siku moja, wengi wao wakiwa watu wasiomjua mtoto wetu. Sufuria zitampikia yeye Jumatatu, na Jumatatu nyingine, wageni wakiwa wameshasahau rangi ya hema. Kamati inafikiria Jumamosi. Mimi nilikuwa nikifikiria siku zinazofuata. Kwamba maharusi wako walibaki na deni nakuamini, lakini deni la kulisha watu mia tatu halikuletwa na aliyebeba glasi. Lililetwa na aliyewaita watu mia tatu.

Nimeamua hivi. Nitatuma shilingi 500 kwenye kundi, na jina langu liandikwe na kiasi hicho hicho, bila kukopa popote. Sufuria sitazipeleka ukumbini. Nimeshazungumza na dada yangu, nami nitalala kwake mpaka Jumatatu, kisha nitampelekea mtoto mwenyewe nyumbani kwake, na tutapika chai ya kwanza ndani ya ile ndogo. Nitazibeba ndani ya kikapu cha gugumaji nilichopewa Kisumu na mteja wangu mmoja, kwa kuwa tangu mwaka ule wa marufuku ya mifuko ya plastiki, nadhani 2018, siwezi kubeba kitu kizito bila kikapu.

Kijana wa Section 58, Nakuru

Ilikuwa tarehe 28 Agosti 2017, mama.

Jirani wa Kondele, Kisumu

Na kikapu chenyewe utamwachia mtoto, dada? Kama utamwachia, basi nawe umepitisha zawadi.

Mama Pacha, Free Area, Nakuru

Kikapu nitarudi nacho, kwa sababu mwalimu amenigusa: kilisukwa kwa mkono, na aliyenipa hupita kibandani kwangu na hukitazama. Dada yangu atakijaza wimbi, nimeshamwomba.

Fundi wa Kaptembwo, nimeisoma ile leso jana usiku kwa taa ya simu baada ya kuyaona maneno yako. Imeandikwa «Nani kama mama», na mimi kwake ni mama mdogo, kwa hiyo nimetulia. Lakini jozi bado haijakatwa wala kupindwa. Una nafasi wiki hii?

Fundi Cherehani, Kaptembwo, Nakuru

Ninayo. Kukata na kupinda jozi moja ni shilingi 50. Iletwe kabla ya Alhamisi saa nne asubuhi, kwa sababu baada ya hapo nina sare za shule za kushona mpaka Jumamosi.