Tupeane uzoefu: nani anafuata tovuti na blogu kwa kisomaji huria cha RSS?

Fundi wa Ntinda: Wakuu, salaam. Nimechoka kufungua tovuti moja moja kutazama kama kuna kipya. Nimeweka Feeder, programu ya kusomea RSS, kwenye simu; nimeitoa F-Droid, duka la programu huria. Ni bure, ni programu huria (msimbo wake uko wazi kwa wote), haidai akaunti wala namba ya simu. Unaipa anwani ya tovuti, na kama tovuti ina RSS (mlisho, yaani orodha ya makala mpya ambayo programu huweza kuisoma), inakuletea kila kinachoandikwa pale, kipya juu. Wenye uzoefu karibuni, hasa sisi tunaopimia bando.

Mama Duka, Busia: Nilianza 2018, enzi za ule ushuru wa OTT, yaani wa mitandao ya kijamii, hapa Uganda: shilingi 200 kila siku kabla hujagusa WhatsApp au Facebook. Nikaona habari za bei za nafaka na mambo ya mpakani ziko kwenye tovuti za kawaida, na hizo hazikuguswa. Nikazikusanya zote kwenye kisomaji. Siku ambayo sikuwa na mteja wa WhatsApp, sikulipa. Julai 2021 ushuru ule ukaondoka, ikaja asilimia 12 juu ya bando lenyewe, na hiyo huikwepi! Basi picha nimeziwekea sharti la Wi-Fi tu. Maandishi hayali MB.

Mstaafu wa Jinja: Januari 2021 intaneti ilipozimwa wakati wa uchaguzi, mimi nilikuwa na akiba ya kusoma. Siri ni kuiambia programu ivute makala nzima, maana tovuti nyingi hutoa mistari miwili tu ili uende kwao ukaone matangazo. Siwalaumu, ndipo wanapopatia ugali.

Kijana wa Arua: Wanaosema RSS ilikufa wanachanganya mambo. Iliyofungwa ni Google Reader, kisomaji cha Google, Julai 2013. Podikasti mpaka leo zinasafiri kwa RSS. Blogu iliyojengwa kwa WordPress, ongeza /feed mwisho wa anwani, utapata mlisho wake. Hata chaneli za YouTube zina mlisho. Kinachonikera ni ofisi moja ninayofuatilia zabuni zake: inapachika PDF tu, mlisho hakuna. Huko bado naenda kwa miguu, yaani kwa kivinjari.

Mama Duka, Busia: Nyongeza, ndugu zangu: msiweke magazeti ya kila siku pamoja na blogu. Gazeti linamwaga habari asubuhi hadi usiku, yule anayeandika mara moja kwa mwezi humwoni tena. Mimi magazeti nimeyatenga kundi lake, na kusema kweli silifungui sana.

Fundi wa Ntinda: Asante, mama. Na simu ikinyakuliwa pale Old Taxi Park, Kampala, orodha yangu yote ya tovuti imekwenda?

Kijana wa Arua: Haiendi, kaka, ukiitoa mapema kama faili la OPML, faili linalobeba orodha ya milisho yako. Ni dogo, jitumie kwa barua pepe. Visomaji karibu vyote vinalipokea, hata Thunderbird, programu ya barua pepe ya kompyuta.

Fundi wa Ntinda: Liko wapi hilo?

Kijana wa Arua: Bonyeza nukta tatu pale juu, utaona limeandikwa OPML.