Mchezeshaji wa chuo hupimwaje kabla ya drafti ya NBA?

Mwalimu wa Mwanga, Kigoma

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nafundisha mpira wa kikapu vijana wa sekondari hapa Mwanga, na swali langu linatokana na ubishi ambao haujaisha baina yangu na walimu wenzangu kuhusu namna timu za NBA zinavyowapima wachezeshaji, yaani pointi gadi, wanaotoka katika vyuo vya Marekani. Watanzania wengi tuliifahamu drafti, yaani siku ambayo timu za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu, mwaka 2009, Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies akitokea Chuo Kikuu cha Connecticut, lakini kwa mchezaji mrefu kama yeye jambo la kwanza kuonekana ni kimo. Kwa mchezeshaji sioni kipimo cha wazi namna hiyo.

Chukueni drafti ya mwaka 2018. Trae Young wa Oklahoma alikuwa ameongoza ligi nzima ya vyuo kwa pointi na kwa asisti, yaani pasi zinazozaa kikapu, katika msimu mmoja, wastani wa pointi 27.4 na asisti 8.7, akachaguliwa wa 5. Jalen Brunson wa Villanova alikuwa na ubingwa wa vyuo mara mbili, mwaka 2016 na 2018, pamoja na tuzo za mchezaji bora wa vyuo wa mwaka, lakini aliachwa hadi nafasi ya 33. Kati yao, nafasi ya 11, alichaguliwa Shai Gilgeous-Alexander wa Kentucky, ambaye wastani wake ulikuwa pointi 14.4 na asisti 5.1, na ambaye mwanzoni mwa msimu huo hakuwa hata katika kikosi kinachoanza. Huyo wa 11 ndiye aliyekuja kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa NBA ya msimu wa 2024/25 na ubingwa akiwa na Oklahoma City Thunder, na huyo wa 33 akawa nahodha wa New York Knicks.

Je, wapimaji walikuwa wakitazama nini, na ni kipi walichokiona sawasawa? Nauliza kwa sababu vijana wangu wanaamini kwamba karatasi ya takwimu imemaliza kila kitu, nami nataka niwape jibu lenye msingi.

Kocha wa Tabora

Mwalimu, swali lako ni zito na nitalijibu kwa urefu. Asisti ni miongoni mwa takwimu zinazodanganya sana katika kumpima mchezeshaji, kwa sababu inamtegemea anayepokea. Pasi safi ikimfikia mtu asiyejua kutupa haihesabiwi popote, ilhali pasi ya kawaida tu ikimfikia mtupaji hodari inaandikwa. Kwa hiyo wasaka vipaji hurudi kwenye mikanda ya mechi, na huko hulitazama zaidi tukio moja ambalo katika NBA hujirudia usiku kucha: skrini, yaani kizuizi cha mwili, anayowekewa mwenye mpira na mchezaji mrefu wa timu yake.

Tulitazame tukio hilo kwa karibu. Mchezeshaji yuko nje ya mstari wa pointi tatu, mrefu wake anakuja kusimama kando ya mlinzi anayemkaba. Mlinzi huyo akipita chini ya skrini, anaacha nafasi, na hapo linabaki swali moja tu: je, mchezeshaji anaweza kutupa pointi tatu papo hapo, akitoka kudunda mpira? Asipoweza, kila timu itapita chini usiku kucha na mashambulizi ya timu yake yatakwama. Mlinzi akilazimika kupita juu, mchezeshaji anaingia katikati akiwa na mtu mgongoni na mlinzi mrefu mbele yake, na kwa muda wa hatua mbili ana njia tatu: kutupa mpira mfupi wa juu kabla hajamfikia yule mrefu, kumpasia mwenzake anayekimbilia pete, au kuurusha mpira hadi kona ya upande wa pili, ambako mlinzi amesogea ndani kusaidia. Mchezeshaji wa kawaida huiona pasi ya kona, kisha hukusanya mpira kwa mikono miwili ndipo aitoe, na wakati huo mlinzi wa kona amekwisha kurudi. Aliye bora huitoa kwa mkono mmoja, hata ule wa kushoto, mpira ukiwa bado unapanda kutoka sakafuni.

Kwa Young waliyaona hayo yote. Mwaka ule mstari wa pointi tatu wa vyuo ulikuwa mita 6.32 kutoka kwenye pete, ilhali wa NBA sehemu ya juu ni mita 7.24, lakini yeye alikuwa akitupa kutoka mbali kuliko hata huo wa NBA, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kupita chini. Shaka ilikuwa juu ya umbo lake: ana kama mita 1.85 na mwili mwembamba, na katika mechi za mtoano timu pinzani humtafuta mlinzi mdogo kuliko wote, zikampelekea skrini moja baada ya nyingine hadi alazimike kumkaba mtu mkubwa. Gilgeous-Alexander alikuwa kinyume chake. Ana takribani mita 1.98, mikono yake ikinyooshwa inazidi hata kimo chake, na timu yoyote inayotaka walinzi wanaoweza kubadilishana watu wa kuwakaba humpenda mchezeshaji wa aina hiyo kabla hata hajafunga.

Lakini kuna jambo ambalo naamini wengi hawakulipa uzito unaostahili, nalo ni kusimama ghafla. Vipimo vya kambi ya Chicago, ambako wanaowania drafti hupimwa kabla ya siku ya uchaguzi, vinajua kusema mtu anakimbia robo tatu ya uwanja kwa sekunde ngapi na anaruka juu kiasi gani, lakini mchezeshaji halipwi kwa kukimbia tu. Gilgeous-Alexander akiwa Kentucky alikuwa akiingia katikati kwa mwendo wa kadiri, anapunguza kasi ghafla, mlinzi anapitiliza, naye anabaki peke yake na pete. Brunson naye, mwenye mita 1.88 na kasi isiyomtisha mtu, alikuwa akisimama kwa miguu yote miwili kama Villanova walivyofundishwa, kisha anageuka, anadanganya kutupa, anageuka tena, huku mlinzi amekwisha kuruka. Mara nyingi aliwapa mgongo walinzi wadogo na kuwasukuma taratibu hadi karibu na pete. Yote hayo yalikuwa wazi kwenye mikanda. Waliokuwa wakitafuta kasi hawakuyahesabu.

Mkazi wa Ujiji

Ndugu Kocha, maelezo yako nimeyasoma mara mbili na nakubaliana na sehemu kubwa, ila umeliacha jambo la umri, ambalo kwa maoni yangu ndilo lililomwangusha Brunson kuliko kasi. Siku ya drafti alikuwa na miaka 21 na misimu mitatu ya chuo, wakati Young na Gilgeous-Alexander walikuwa na miaka 19 na msimu mmoja mmoja. Tangu drafti ya mwaka 2006 kijana wa Marekani analazimika kufikisha miaka 19 na kupitisha mwaka mmoja baada ya sekondari, na utaratibu huo umezizoesha timu kuamini kwamba mwenye kipawa cha kweli huondoka baada ya mwaka mmoja, na kwamba aliyebaki amebaki kwa sababu kuna kasoro.

Naona hiyo ni dhuluma kwa wachezeshaji hasa. Nafasi yao inajengwa na mechi nyingi. Fred VanVleet alicheza misimu minne Wichita State, na mwaka 2016 majina 60 yalisomwa bila la kwake kutajwa. Miaka mitatu baadaye alikuwa bingwa wa NBA na Toronto Raptors. Tofauti ya mzunguko wa kwanza wa drafti, yaani majina 30 ya mwanzo, na wa pili si heshima tu, kwani anayechaguliwa katika mzunguko wa kwanza ana mkataba wenye malipo ya uhakika, na wa pili hana dhamana hiyo kwa mujibu wa kanuni. Mtu wa miaka 21 aliyeongoza timu hadi ubingwa anapewa nafasi finyu kuliko mtoto ambaye bado anakisiwa.

Kocha wa Tabora

Ndugu yangu wa Ujiji, uchungu wako nauelewa, lakini ubingwa wa chuo peke yake haubebi mtu. Shabazz Napier aliipa Connecticut ubingwa wa mwaka 2014 na akatajwa kuwa mchezaji bora wa hatua ya mwisho ya mashindano yale, akachaguliwa wa 24, kisha akawa mtu wa kuhamahama kutoka timu moja hadi nyingine. Timu zinapoogopa umri zinaogopa jambo halisi: kijana wa miaka 22 anapowashinda wa miaka 18, sehemu ya ushindi huo ni mwili uliokomaa. Ninachokubali ni kwamba umri ulipaswa kupunguza uzito wa takwimu za Brunson, si uzito wa ustadi wa miguu yake.

Dada wa Nzega

Nawasalimu kaka zangu. Mimi nimecheza nafasi hii, kwa hiyo naomba niongeze mawili.

La kwanza ni mitupo ya adhabu. Kijana anayetupa pointi tatu chache kwa msimu anaweza kuonekana hodari au dhaifu kwa bahati tu, kwa kuwa idadi ni ndogo. Ndiyo maana wachambuzi hutazama mitupo ya adhabu, ambako hakuna anayekuzuia na umbali haubadiliki. Asilimia yake hutabiri utupaji wa baadaye vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Gilgeous-Alexander alijaribu pointi tatu chache sana Kentucky, lakini kwenye mstari wa adhabu alivuka asilimia 80, na hilo lilitosha kuonyesha kwamba mkono upo.

La pili ni kazi aliyopewa mchezaji na kocha wake wa chuo. Russell Westbrook na Jrue Holiday wote wawili walipita UCLA wakati mpira ukishikwa zaidi na Darren Collison. Westbrook alichaguliwa wa 4 mwaka 2008 akiwa na wastani wa pointi 12.7, na Holiday wa 17 mwaka uliofuata akiwa na pointi 8.5. Ukisoma karatasi tu, utasema hawa si wachezeshaji. Westbrook akawa mchezaji bora wa NBA wa mwaka 2017, na Holiday ana ubingwa wa Milwaukee wa 2021 na wa Boston wa 2024. Aliyewatazama kwa makini aliwapima kwa ulinzi wao na kwa zile dakika chache walizoachiwa mpira.

Mwalimu wa Mwanga, Kigoma

Nawashukuru sana, na dada wa Nzega amenifungua macho kuhusu mitupo ya adhabu, kwa sababu uwanja wetu ni wa saruji na pete hazina nyavu, lakini mstari wa adhabu tunao na tunaweza kuhesabu. Nina swali dogo la mwisho kwa Kocha. Je, kanuni za chuo zenyewe hazimfichi mchezeshaji?

Kocha wa Tabora

Zinamficha, tena sana. Chuoni timu ina sekunde 30 za kushambulia, NBA ina 24, kwa hiyo kocha wa chuo anaweza kupiga kelele za maelekezo hadi mchezaji asiamue lolote mwenyewe. Pia NBA inamkataza mlinzi kukaa zaidi ya sekunde tatu katika eneo la rangi chini ya kikapu bila kumkaba mtu kwa karibu, na chuoni katazo hilo halipo, ndiyo maana mrefu wa chuo anasimama pale mbele ya pete kwa muda wote anaotaka. Mchezeshaji anayepenya kwa shida chuoni anaweza kukuta njia wazi huko juu, na anayetegemea sauti ya kocha atabaki na mpira mkononi saa ikiisha. Mechi zijazo za vijana wako, waandikie kwenye daftari mara ngapi kila mchezeshaji aliingia katikati na alichokiamua baada ya kusimama, hata kama mwenzake alikosa kufunga, kisha ulete hapa tuyasome pamoja.