Programu ya kuandaa nyimbo imenifutia gridi zote, nimelalamika nikaambiwa muziki wetu ndio umerekodiwa vibaya

Wakuu, leo nina hasira na nitasema yote.

Mimi ni dijei hapa Busia, upande wa Uganda. Napiga kwanjula (sherehe ya kutambulisha mchumba), kasiki (sherehe ya kuaga ujana kabla ya harusi), harusi na baa za barabara ya kwenda Jinja. Mteja wa huku haridhiki na muziki wa aina moja. Usiku uleule anataka baakisimba, ngoma ya Waganda, anataka nyimbo za Kisoga, rumba ya Kongo, bongo fleva, vitu vya Kisamia kwa ajili ya wazee, na vijana sasa hawaondoki bila singeli. Ili hayo yote yaungane bila kukwama, kila wimbo unaandaliwa nyumbani kwanza: unatafuta BPM yake (mapigo kwa dakika), unanyoosha gridi, ile mistari ya kuhesabia, ikae juu ya mapigo, unaweka hotikyu, yaani alama pale utakaporukia, unaandika kii, yaani ufunguo wa noti zake. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mnachosikia ukumbini ni mavuno tu.

Sasa programu ninayoilipia kwa dola kila mwezi imeshusha apdeti. Ilipomaliza ikachambua upya maktaba yangu yote bila kuniuliza. Gridi nilizonyoosha kwa mkono, wimbo kwa wimbo, zimefutwa. Hotikyu zipo lakini zimeteleza, hazikai kwenye pigo. Nakala ya akiba ninayo, ila toleo jipya linaikataa eti ni ya mfumo wa zamani. Nikawaandikia huduma kwa wateja. Wakajibu kwamba nyimbo nilizotaja zina mwendo usio thabiti, hivyo kasoro iko kwenye rekodi, na nijitahidi kutumia mafaili yenye ubora.

Mafaili yenye ubora! Kabla hajatokea mtu hapa kuniambia nimepakua takataka za ubora wa kbps 128 zikapandishwa kuwa 320, jueni kwamba kila faili nalifungua kwanza kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, nitazame spektra, yaani picha ya sauti za chini hadi za juu. La kupandishwa hujulikana, sauti za juu zinakatika karibu na kilohezi 16 kama zimenyolewa. Yangu hayakatiki. Nanunua, au napewa na studio yenyewe.

Na huo mwendo usio thabiti ni kasoro ya nani? Afrigo Band, bendi ya hapa Uganda, wako jukwaani tangu 1975, na wanapiga kwa mikono ya watu. Rumba ikifika kwenye sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, magitaa yanachangamka, mpiga drami anasukuma, na wachezaji wanasukumwa naye. Hakuna mtu aliyewahi kujikwaa kwa sababu bendi imeongeza kasi. Anayejikwaa ni programu. Chukua wimbo wa dakika nne unaoanza BPM 112 na kupanda taratibu hadi 118. Programu inatafuta wastani, inapata 115, inachora mistari yenye nafasi sawa toka mwanzo hadi mwisho. Ukifika dakika ya pili wanamuziki wamepiga mapigo 227, gridi imeshahesabu 230. Mapigo matatu mbele! Bonyeza sinki, kitufe cha kulinganisha nyimbo mbili, hapo uone ukumbi mzima unavyosimama na kukugeukia wewe.

Singeli nayo ni shida, ila ndogo. Ile kitu ya Dar es Salaam inapita 200 bila wasiwasi, na programu ina kikomo cha kutafuta, kwa hiyo wimbo wa 220 unaandikwa 110 na kupangwa jirani na rumba. Unazidisha mara mbili, maisha yanaendelea.

Baakisimba haina dawa hiyo. Pale kila pigo kubwa limegawanyika matatu ndani yake. Programu hizi zimelelewa na house na tekno, hesabu yake ni nne nne. Embuutu, ngoma kubwa, inaanza, engalabi, ile ngoma ndefu, inaingia juu yake, programu inababaika: mahali pa 120 inakuandikia 180, siku nyingine 80. Hata ukiirekebishia namba, mstari wa kuanzia hesabu bado unaangukia kati ya mapigo. Unausogeza kwa mkono, unasikiliza, unausogeza tena. Kazi hiyo ndiyo waliyoifuta.

Na imenitia aibu mbele ya watu. Kwanjula moja huko Mukono, ssenga (shangazi wa bibi harusi) anatoka hemani na kundi lake, wamejipanga, viuno viko tayari. Mimi nabonyeza hotikyu niliyoitega muda mrefu na kuiamini. Ngoma inaingia katikati ya pigo. Akina mama wakasimama, mmoja akanyoosha mkono kuniuliza kulikoni. Nitamweleza nini? Kwamba kuna mtu mbali huko aliyeamua ngoma ya nyumbani kwake ina kasoro?

Kuhusu kii ndiyo sitaki hata kuanza, lakini nitasema. Programu inasikiliza wimbo na kuulazimisha uwe kwenye moja ya kii 24 za kinanda. Kinanda kinagawa oktavu (toka noti hadi noti ya jina lilelile juu yake) mafungu 12, kila fungu senti 100; senti hapa ni kipimo cha umbali kati ya noti. Amadinda, marimba ya Waganda, inaigawa mafungu matano yanayokaribiana kulingana, yaani kama senti 240 kila moja. Hayo mafungu hayamo kwenye kinanda! Lakini programu haitasema haijui. Itakubandikia 8A au 5B, namba ambazo madijei huandikia kii, kwa kujiamini kabisa, na dijei mchanga ataifuata achanganye na wimbo mwingine wa 8A, halafu ashangae kwa nini masikio yanauma.

Wale wanaotunga wananielewa. Rafiki yangu ana studio ndogo Iganga, anataka kutengeneza biti yenye embaire, marimba ya Wasoga, ndani. Kwenye piano rolo, ukurasa wa kuandikia noti, wa programu yake kila noti imefungwa kwenye zile senti 100. Anafungua vifurushi vya sampo (vipande vya sauti zilizorekodiwa) vilivyoandikwa Afrika, anakuta djembe ya Afrika Magharibi kila faili. Engalabi hakuna. Adungu, kinubi cha Waacholi na Waaluri, hakuna. Na msiniambie kiufundi haiwezekani. Surge XT ni sintesaiza (programu ya kutengeneza sauti za ala) ya bure, imetengenezwa na watu wanaojitolea, na inapokea faili za Scala ambazo ni maandishi tu ya kupanga noti utakavyo. Wanaojitolea wameweza. Wanaokusanya dola kila mwezi wanashindwa nini?

Halafu malipo. Kadi ya benki inakatwa kwa kiwango cha dola cha siku hiyo, juu ya hapo unanunua bando ambalo tangu Julai 2021 lina ushuru wa asilimia 12. Apdeti yenyewe ni nzito, inakula bando la wiki. Na kila baada ya muda programu inataka kuingia intaneti ihakikishe umelipa, la sivyo inafunga milango. Sisi tulioishi Januari 2021 hapa tunajua intaneti inaweza kuzimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi ukabaki siku kadhaa huna hata ujumbe. Umelipa, umeme upo, spika zipo, bwana harusi yupo, na programu inakwambia haikutambui.

Ninachodai kwao si kikubwa. Gridi iliyowekwa kwa mkono isiguswe na apdeti yoyote bila ruhusa yangu. Niruhusiwe kuchagua hesabu ya pigo linalogawanyika matatu. Programu isipojua kii iache wazi. Na wafute ile kauli yao kuhusu rekodi zetu, waifute kwa maandishi, kwa sababu nimeihifadhi.

Sasa nawauliza ninyi. Nani hapa amehamia Mixxx, ile programu nyingine ya udijei, moja kwa moja? Najua ni ya bure, na najua kwenye mipangilio ya kutambua mapigo unaweza kuondoa tiki inayodhani mwendo haubadiliki, ikachora mistari inayofuata bendi. Nataka kusikia kwa aliyeitumia kazini, siyo aliyeisoma: laptopu ya RAM ya GB 4 inaibeba pamoja na kontrola (meza ya vitufe ya dijei) ya chaneli mbili? Hotikyu za programu ya zamani zinahama nazo, au naanza upya? Na kama kuna mwenye njia ya kurudisha maktaba ya toleo la nyuma anitumie leo, nina kasiki Bugiri Ijumaa.