Wauza tastevin (vikombe vya kuonjea mvinyo), acheni kutuuzia shaba iliyopakwa fedha mkiita ya enzi za mfalme Louis XV wa Ufaransa!

Wakuu, hili limenifika shingoni.

Kuna muuzaji wa mtandaoni huko Ufaransa kaweka kikombe cha kuonjea mvinyo, kakiandikia "fedha halisi, enzi za Louis XV". Picha kibao, mhuri wa kuthibitisha fedha hauonekani hata kwenye moja. Nikamwomba anitumie picha ya mhuri. Akanizungusha weee, mwisho akatuma: kichwa cha Minerva, yule mungu wa kike wa Kirumi aliye kwenye mhuri wa fedha wa Ufaransa, hakuna mhuri mwingine. Jamani, Minerva ulianza kugongwa 1838! Louis XV alikufa 1774! Nilipomwambia hivyo akanifungia, na tangazo liko palepale, bei ileile.

Huyo angalau anauza fedha. Wapo wanaochukua vikombe vya ukumbusho vya karne ya 20, vile vya kuning'iniza shingoni kwa utepe, wakavipaka weusi kwenye mikunjo vionekane vikongwe. Tangu 1797 fundi wa Ufaransa anayetengeneza fedha halisi hugonga alama yake ndani ya umbo la uru wa karata. Kitu kilichopakwa fedha tu, alama ya fundi huwa ndani ya mraba. Muuzaji anaujua mraba huo vizuri sana, ndiyo maana haupigi picha.

Na kuna hili la kusugua majina, ambalo ndilo linaloniuma kuliko yote. Wakulima wa mizabibu wa Bourgogne, huko Ufaransa, walikuwa wakichonga majina yao ukingoni mwa tastevin. Mtu alishuka nayo kwenye ghala la mapipa, akamimina mvinyo kidogo, mwanga wa mshumaa ukacheza kwenye vinundu na mifereji ya fedha, akaiona rangi ya mvinyo wake. Leo dalali anapitisha mashine, jina linafutika, mihuri inaliwa nayo, halafu anaandika "hali nzuri sana". Nzuri wapi? Pitisha kidole ukingoni usikie fedha ilivyobaki nyembamba pale jina lilipokuwa. Huo ni uharibifu, na hakuna fundi wa kuurudisha.

Msilipe hata senti kabla hamjaona mhuri kwa karibu, na picha ya ukingo mzima. Akisema "umefutika kwa uzee", mwacheni na kikombe chake. Wenye picha za mihuri ya matangazo ya namna hii ziwekeni hapa chini, tuyaripoti moja baada ya jingine.