Mume wangu anavaa dera. Hajarogwa, hajageuka, na kodi tunalipa kwa wakati

Salamu baadaye. Nina hasira na nitaandika hivyo hivyo.

Baba watoto ni fundi wa kuchomelea. Geti kadhaa mnazopitia huku Eastlands, Nairobi, zimetoka mikononi mwake. Ana mabega, ana ndevu, ana sauti ya kusimamisha matatu ikiwa imeshang'oa nanga. Na jioni nyingine, watoto wakiwa kwa nyanya yao, ananyoa ndevu, anavaa dera, anaweka wigi, anakaa kwenye kochi anatazama mpira. Basi. Hiyo ndiyo siri ambayo grupu nzima ya wapangaji imekesha nayo tangu Jumapili.

Keateka, yule mwangalizi wa ploti, alibisha mara moja akaingia na fundi wa mabomba bila kungoja aitikiwe, eti jikoni kwetu kunavujia jirani wa chini. Akamkuta mume wangu ndani ya dera. Badala ya kushughulika na bomba akatoa simu. Kufika saa mbili usiku picha iko kwa grupu, na chini yake watu wazima, wengine wazee wa kanisa, wanaandika maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Jumatatu landilodi akapiga simu. Hakumpigia mume wangu, alinipigia mimi, akasema mwisho wa mwezi tuwe tumehama kwa sababu ile ni ploti ya familia. Sisi ni nini, wanajeshi? Na bomba bado linavuja.

Tuanze na hilo la kumwita shoga, kwa kuwa ndilo mmeling'ang'ania. Nani aliwaambia kitambaa ndicho kinachoamua mtu analala na nani? Kuna daktari wa Berlin, Magnus Hirschfeld, aliyekaa na watu wanaopenda kuvaa nguo za jinsia nyingine, akawasikiliza, na mwaka 1910 akachapisha kitabu kizima juu yao. Alichokuta ni kwamba wengi wao walipenda wanawake, na wengine walikuwa wameoa. Na huyo Hirschfeld mwenyewe alikuwa shoga na mtetezi mkubwa wa mashoga. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuwahesabu upande wake, ni yeye, na bado alisema hapana, hili ni jambo lingine. Zaidi ya miaka 110 baadaye, mtu wa nyumba ya tatu ana digrii na bado hajafika hapo.

Na angekuwa shoga? Ingekuwa kesi yangu na yeye ndani ya nyumba, keateka angeingilia wapi? Mashoga wa mji huu wana shida zao za kutosha, na wengi wao wanavaa suruali na shati kama wewe, ndiyo maana unakaa nao kwenye matatu kila asubuhi hujui.

Kuna aliyebandika ile habari ya Audrey Mbugua, mwanamke aliyezaliwa akiitwa mvulana, aliyeshinda kesi Mahakama Kuu mwaka 2014 ili baraza la mitihani limbadilishie jina kwenye cheti, akaandika "ndiko anaelekea huyu". Haelekei. Audrey ni mwanamke, anaishi hivyo kila siku, na alitaka karatasi zake ziseme hivyo. Mume wangu hataki karatasi yoyote ibadilishwe. Tulipokuwa tunachumbiana nilimuuliza waziwazi kama angependa niwe namwita jina la kike, akacheka hadi akatafuta pa kukaa. Anataka kuvaa dera lake, mpira uishe, kesho aamke aende karakana. Hayo ni mambo mawili, na kuyachanganya hakumsaidii yeyote kati ya hao wawili.

Sasa lile lililoniuma mimi. Kwamba amekaliwa chapati, yaani mke ndiye anayemtawala. Kwamba nimemwekea kamuti, yaani uchawi, hadi akavaa nguo zangu. Jameni, nguo zangu zinamwingia wapi? Dera lake la kijani nililipanua mwenyewe kwa mkono, nikatia vipande vya kitambaa kingine kwapani kwa sababu mtu anayebeba vyuma kutwa hapiti kwenye shimo la mkono alilokatiwa mama wa kawaida. Ukilitazama karibu utaona kipande kimoja kina maua na kingine hakina. Viatu ni saizi 44, na Gikomba kiatu cha kike cha saizi hiyo unakitafuta kama mtoto aliyepotea sokoni. Mwanamume aliyerogwa hawezi kukaa miezi akingoja kiatu. Anayengoja hivyo anajua anachokitaka.

Halafu wale wanawake wenzangu walionijia inboksi kwa upole, "pole dada, labda humtoshelezi". Nina watoto watatu. Shangazi yangu, mama wa kanisa wa miaka sabini, aliposikia aliuliza swali moja tu: anakupiga? Nikasema hajawahi. Analeta chakula? Analeta. Akasema basi nimwache avae hata pazia. Nyinyi mlinipa pole hamkuuliza hata moja kati ya hayo.

Mama mmoja akatuma Kumbukumbu la Torati 22:5, akaiandika yote kwa herufi kubwa. Sawa. Mstari huohuo unaanza kwa kumkataza mwanamke mavazi ya mwanamume, na picha yake ya wasifu yuko Uhuru Park ndani ya jinzi. Ukishuka hadi wa 11, nguo ya sufu na kitani kwa pamoja imekatazwa. Ukishika wa 8, ukijenga nyumba uweke ukingo juu ya paa mtu asianguke akafa. Landilodi wetu ameacha paa wazi pande zote, watoto wanaanika nguo huko juu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtumia mstari huo.

"Si desturi ya Mwafrika." Waulizeni Wanandi na Wamaasai wavulana wao walivaa nini wakati wa kutahiriwa enzi hizo. Mapambo na mavazi ya kike, na waliovalishwa hivyo ndio waliokuja kuwa mashujaa wa vita. Sisemi mume wangu ni morani, nasema acheni kuongea kama mlikuwepo. Na huhitaji kurudi nyuma hivyo: shule za wavulana zikienda tamasha la drama, mama, shangazi na bibi harusi wote ni wavulana waliofungwa leso, na mwalimu mkuu yuko mstari wa mbele anapiga makofi. Wachekeshaji wa mtandaoni nusu yao wanaigiza mama wa Kiafrika wakiwa na kilemba kichwani na wewe unasambaza video. Kumbe tatizo si nguo. Mwanamume akivaa akuchekeshe, sawa. Akivaa kwa raha yake, mlango umefungwa, hapo ndipo mnaita askari.

Na mliosema mtamwita askari, mwiteni. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, ambavyo Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019, vinazungumzia vitendo vya kingono. Gauni halimo. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inaorodhesha mambo ambayo mtu hafai kubaguliwa kwayo: kabila, dini, ulemavu, umri, na ndani ya orodha hiyo kuna mavazi. Imeandikwa. Na haiifungi serikali peke yake, inamfunga kila mtu, hata mwenye ploti. Kifungu cha 31 kinalinda faragha ya nyumba yako, yenye dera na isiyo na dera.

Kuna kingine pia, 251A, kilichoingizwa kwenye Kanuni ya Adhabu mwishoni mwa 2014 baada ya wanawake kuvuliwa nguo hadharani jijini. Kinamgusa anayemvua mtu nguo na anayeingilia faragha yake kwa kusudi la kumdhalilisha, na kifungo si chini ya miaka 10. Naandika hivi kwa sababu aliyeandika "avuliwe tuone" ni mama ambaye ametuhadithia mara ngapi sijui alivyoandamana mjini tarehe 17 Novemba mwaka huo kutetea haki ya mwanamke kuvaa atakacho. Nilidhani alielewa alichokuwa anaandamania.

Ugonjwa? Shirika la Afya Duniani liliondoa jambo hili la kuvaa nguo za jinsia nyingine kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, inayotumika tangu Januari 2022. Wezi wanaojificha ndani ya buibui? Huyo ni mwizi. Wengine huvaa suti na hamjafukuza mtu kwa kuvaa suti. Watoto wataiga? Wa kwangu mkubwa anajua, na anachoiga kwa babake ni kuacha taulo kitandani.

Nimemaliza kueleza. Sasa ninachotaka. Kwanza, keateka afute ile picha na grupu iifute, na aliyeisambaza nje ya ploti ajue nina skrinshoti zenye namba na saa. Pili, kama tunahama, dipoziti yetu irudi yote, bila kukatwa hela ya rangi, kwa sababu ukuta uliochafuka ni wa jikoni na uliochafuka kwa maji ya bomba lao. Kama kuna wakili humu, au mtu aliyewahi kumfikisha landilodi mahali kwa kufukuzwa bila notisi ya maandishi, aniandikie inboksi. Wa mistari na maombi mniache kwanza. Na anayejua nyumba ya vyumba viwili Umoja au Donholm, maji yasiyokatika, keateka anayebisha hodi akangoja, aweke bei hapa chini.