Mjadala: Je, viwanda viliiokoa lugha ya Kiwelisi au viliizika?

Mtoa mada

Naomba tujadili suala ambalo wanahistoria wa Welisi wamelibishania kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1959 mwanauchumi Brinley Thomas alitoa hoja iliyokwenda kinyume na mazoea: kwamba migodi ya makaa ya mawe na matanuri ya chuma ya karne ya 19 hayakuiua lugha ya Kiwelisi, bali ndiyo yaliyoiokoa. Mimi naiunga mkono hoja hiyo, na nawakaribisha wanaoipinga.

Kiini chake ni uhamaji. Vijiji vya Welisi, kama vile vya Ireland, vilikuwa na watu wengi kuliko ardhi ilivyoweza kuwalisha. Ukiacha Belfast na maeneo yanayoizunguka, Mwairishi aliyekosa shamba hakuwa na mji mkubwa wa viwanda wa kukimbilia ndani ya nchi yake, kwa hiyo alipanda meli kwenda Liverpool, Boston au New York, na huko wajukuu wake wakakulia katika Kiingereza. Mwelisi wa wilaya za mashambani za Carmarthenshire au Cardiganshire alikuwa na njia nyingine. Alikwenda mji wa Merthyr Tydfil, kusini mwa Welisi, akakuta viwanda vya chuma vya Dowlais na Cyfarthfa vinatafuta vibarua, akapata pa kulala kwa watu wa kwao, akaendelea kusali, kuposa na kugombana kwa Kiwelisi. Mwaka 1801 Welisi nzima haikufikisha watu 600,000. Mwaka 1911 ilikuwa na zaidi ya milioni 2.4. Ongezeko hilo halikutokana na kilimo.

Tena mshahara wa mgodini uliinunulia lugha vitu ambavyo mkulima wa mlimani hakuwa na uwezo navyo. Gazeti la kwanza la kila wiki kwa Kiwelisi, Seren Gomer, lilianzishwa mwaka 1814 mjini Swansea, mji wa kuyeyusha shaba. Tamasha la taifa la ushairi na uimbaji, Eisteddfod, lilifanyika kwa mara ya kwanza kwa sura yake ya kitaifa mwaka 1861 huko Aberdare, katikati ya bonde la makaa. Makanisa ya Wabaptisti, Wamethodisti na Waindipendenti yalijengwa kwa michango ya wachimbaji, karibu kila mtaa na lake. Na katika machimbo ya mawe ya kuezekea ya Blaenau Ffestiniog, kaskazini, wafanyakazi walikuwa na kibanda cha kulia chakula cha mchana ambamo, chai ikiwa mkononi, walichagua mwenyekiti na katibu, wakajadili siasa na Maandiko, wakashindana kwa mashairi, na mambo hayo yakaandikwa kwenye daftari la kumbukumbu. Sijui ni kijiji gani cha wakulima kilichoweza kuipa lugha kazi nyingi kiasi hicho ndani ya saa moja ya mapumziko.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa mada, umepanga hoja vizuri, lakini umeegemea idadi ya vichwa peke yake. Sensa ya 1901 ilihesabu wasemaji wa Kiwelisi 929,824, na ya 1911 ikahesabu 977,366, ambao ndio wengi kuliko waliopata kuhesabiwa katika sensa yoyote. Ukiishia hapo utashangilia. Hata hivyo, katika miaka hiyohiyo kumi sehemu yao katika idadi ya watu ilishuka kutoka karibu asilimia 50 hadi asilimia 43.5. Baya zaidi ni hili: waliojua Kiwelisi peke yake walikuwa karibu asilimia 30 mwaka 1891, lakini kufikia 1911 hawakufika hata asilimia 9. Kwa maneno mengine, wakati wa kilele hicho, kila mmoja alikuwa anajifunza kuishi bila lugha hiyo.

Pili, tazama Monmouthshire, upande wa mashariki. Blaenavon na Tredegar ni miji ya chuma na makaa kama Merthyr, lakini huko Kiwelisi kilirudi nyuma mapema, kwa sababu vibarua walimiminika kutoka wilaya za Uingereza za Herefordshire, Gloucestershire na Somerset. Kama makaa ya mawe yalikuwa dawa, mbona hayakuponya huko?

Tatu, umenyamazia suala la mamlaka. Ukoo wa Crawshay wa Cyfarthfa ulitoka Yorkshire, na ukoo wa Guest wa Dowlais ulitoka Shropshire. Hesabu za ofisi na amri za mahakama vilikuwa kwa Kiingereza. Mwaka 1831, baada ya maasi ya wafanyakazi wa Merthyr, kijana Richard Lewis, anayekumbukwa kwa jina la Dic Penderyn, alinyongwa Cardiff kwa kosa ambalo wenzake walishikilia kwamba hakulitenda. Mchimbaji aliimba kwa Kiwelisi, lakini aliajiriwa, alifukuzwa na kuhukumiwa kwa lugha nyingine, na mzazi mwenye akili aliona mapema ni ipi ya kumrithisha mtoto.

Mchangiaji wa pili

Naongeza shule, ambayo nyote wawili mmeipita. Ripoti ya serikali ya mwaka 1847, iliyoandikwa na makamishna watatu Waingereza wasiojua Kiwelisi, ilidai kwamba lugha hiyo ni kizuizi kwa maendeleo na hata kwa maadili ya watu. Katika baadhi ya shule mtoto aliyesikika akiisema alivishwa kibao cha mti chenye herufi W.N. (Welsh Not, yaani Kiwelisi marufuku), akakihamishia kwa mwenzake aliyefuata kukosea, na aliyekutwa nacho mwisho wa siku ndiye aliyechapwa. Tuliosoma Kenya hatuhitaji kuelezwa zaidi. Tuwe waangalifu, hata hivyo: kibao hicho hakikuwa sheria ya serikali, bali mbinu ya walimu, na wazazi wengi waliikubali.

Mtoa mada

Nashukuru. Mfano wa Monmouthshire ni mzito, lakini nauona ukiwa upande wangu. Ulinganisheni na Bethesda, kaskazini, ambako machimbo ya mawe ya kuezekea ya Lord Penrhyn yaliajiri maelfu ya watu na mgomo wa 1900 hadi 1903 ulipigwa kwa Kiwelisi tangu mwanzo hadi mwisho. Kadi zilizowekwa madirishani, zilizosema hakuna msaliti katika nyumba hii, ziliandikwa kwa lugha hiyo. Palikuwa na mwajiri mkubwa, tajiri na mkali, lakini vibarua walitoka vijiji vya jirani. Kilichoamua ni mahali walikotoka wafanyakazi. Kwa muda mrefu Rhondda, bonde la makaa la kusini, ililetewa vibarua na wilaya zilizosema Kiwelisi. Vijana wa wilaya hizo walipopungua na mahitaji ya makaa yakazidi, hadi karibu tani milioni 57 kuchimbwa kusini mwaka 1913, nafasi zilijazwa na Waingereza.

Kisha angalieni kilichotokea makaa yalipokosa soko baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Watu wapatao 400,000 waliondoka Welisi kati ya vita viwili, wengi wakienda Slough, Oxford na Coventry. Sensa ya 1931 ikakuta wasemaji wamebaki asilimia 36.8. Anayesema viwanda ndivyo vilivyoua lugha aeleze kwa nini kufungwa kwa migodi hakukuleta nafuu yoyote.

Mchangiaji wa kwanza

Kufungwa kwa migodi kusingeleta nafuu, kwa kuwa vijiji vilikuwa vimeshakamuliwa. Cardiganshire ilikuwa na zaidi ya watu 70,000 mwaka 1871 na chini ya 60,000 mwaka 1911. Hao walioondoka walikuwa ndio vijana, watu ambao wangezaa na kulea kwa Kiwelisi mahali ambapo Kiingereza hakikuwa na pa kuingilia. Mabonde yaliwachukua, yakawatumia kwa vizazi viwili au vitatu, na hayakuwarudisha.

Mtoa mada

Hapo unadhani kwamba wangebaki. Mashamba yalikuwa madogo, kodi ilikuwa ya mwenye ardhi, na mdogo wa tatu hakuwa na cha kurithi. Waliokosa mgodi au hawakuupenda walikwenda Scranton, Pennsylvania, na wengine, kuanzia meli ya Mimosa mwaka 1865, walikwenda Patagonia, Amerika Kusini, kwa nia hasa ya kuilinda lugha. Mimi sioni chaguo kati ya Aberdare na shamba la baba. Naliona kati ya Aberdare na Scranton. Mwenye ushahidi kwamba vijana wa Cardiganshire walikuwa na riziki nyumbani aulete, tuujadili.